Kufuatilia idadi ya minana kwenye matete ya Dar es Salaam, mwaka hadi mwaka

Mnana wa dhahabu (Ploceus subaureus) ni ndege wa matete ya pwani, na matete ya jiji hili yanafyekwa, yanachomwa na kufukiwa kifusi. Kosa linaloharibu takwimu nyingi za ndege huyu ni kufuatilia kundi la viota badala ya eneo. Minana wakifyekewa matete huhamia kichaka kingine, pengine hatua chache tu mbele. Anayesimama pale pale alipozoea ataandika 0 na kutangaza kwamba wameisha, kumbe wako nyuma ya kona. Kinachofungwa ni mipaka ya eneo. Ndani ya mipaka hiyo unatafuta upya kila mwaka.

Hatua ya 1: Weka mipaka

Chagua kipande unachoweza kukimaliza kwa asubuhi moja: kilomita 1 hadi 2 za ukingo wa mto au kidimbwi. Bonde la Msimbazi, au mito inayoingia baharini upande wa Kunduchi na Mbweni, ni mahali pazuri pa kuanza kutafuta. Chora mstari kwenye ramani ya simu, kisha weka alama za vituo kila mita 250. Ukivisogeza karibu zaidi, dume mmoja atahesabiwa mara mbili.

Toa taarifa serikali ya mtaa kabla ya kuanza. Mtu anayezunguka na darubini karibu na nyumba za watu lazima ataulizwa. Kama unataka kukamata ndege na kuwavisha pete, hiyo ni kazi ya utafiti yenye vibali vyake kutoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Kuhesabu kwa macho kunatosha kwa mwongozo huu.

Hatua ya 2: Andaa vifaa

Darubini ya 8x42, kaunta ya kubonyeza kwa kidole, simu yenye GPS, daftari na penseli. Wino ukilowa unapotea. Vaa buti za mpira, lakini usiingie majini: kichocho kipo kwenye maji yaliyotuama, na isitoshe ukipita katikati ya matete unavunja mashina yanayobeba viota. Hesabu ukiwa ukingoni.

Hatua ya 3: Subiri mvua, kisha maji mafu

Usipange tarehe kwa kalenda peke yake. Ujenzi wa viota hufuata mvua, na mvua huwahi au huchelewa. Masika yakishashika, pita kila wiki mpaka uone viota vya kijani, halafu fanya ziara tatu zenye nafasi ya siku 10 kati yake. Idadi ya mwaka ni ile ya ziara iliyotoa viota hai (vinavyotumika, tazama Hatua ya 5) vingi zaidi. Ukitembelea mara moja tu, utashindwa kujua kama ndege wamepungua au wewe ndiye uliyewahi.

Penye mikoko na maji ya chumvi, angalia jedwali la kujaa na kupwa na uende siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, njia za ukingoni hufunikwa, na vituo vitakavyokosekana mwaka huu havitalingana na vya mwaka jana. Anza saa 12:30 asubuhi, maliza kabla ya saa 3:30.

Hatua ya 4: Mtambue

Dume wa msimu wa kutaga ni wa manjano, uso una rangi ya chungwa, jicho jekundu, na kichwa hakina weusi. Ukiona kichwa cheusi, huyo ni Ploceus cucullatus, yule wa kwenye minazi na miembe ya uani. Barakoa nyeusi yenye jicho jeupejeupe ni Ploceus intermedius, naye hupenda kujenga juu ya maji, kwa hiyo makundi yanaweza kukaribiana. Nje ya msimu wote hufifia na kufanana. Hiyo pekee inatosha kukataza kuhesabu wakati wa kiangazi.

Hatua ya 5: Hesabu viota hai

Hapa ndipo penye kazi. Dume huweza kujenga viota kadhaa, na jike hukikagua kimoja kimoja, vingi hukataliwa. Idadi ya viota vyote si idadi ya jozi.

Tazama rangi kwanza. Kiota kipya ni cha kijani, kwa sababu kimefumwa kwa nyuzi mbichi za majani ya matete. Kikikauka huwa rangi ya majani makavu, kwa hiyo cha kahawia kinaweza kuwa na makinda au kuwa kitupu. Kwa hicho elekeza darubini kwenye mlango, ambao uko upande wa chini, na usubiri dakika 5. Jike akiingia na kubaki, au akitoka na kurudi na chakula, andika "hai". Dume akining'inia chini ya kiota huku akipiga mabawa bado anatafuta jike. Andika "kinajengwa", safu ya pembeni.

Watu wawili wahesabu, kila mmoja na daftari lake, bila kuambizana. Tofauti ikizidi asilimia 10, rudieni kituo hicho hapo hapo.

Kituo kisicho na kiota kiandikwe 0. Kikiachwa wazi, mwaka ujao hakuna atakayejua kama kilitembelewa. Andika pia hali ya matete: yamefyekwa, yamechomwa, yamelazwa na mafuriko, au yamegeuka bustani ya mchicha.

Hatua ya 6: Tafuta mwelekeo

Jumlisha vituo vyote kwanza. Kwenye programu ya jedwali weka miaka safu A, jumla safu B, kisha andika =LOGEST(B2:B7,A2:A7). Jibu la 0.94 maana yake unapoteza asilimia 6 kwa mwaka. Fomula hukataa 0, ndiyo maana tunajumlisha kabla. Usilinganishe mwaka wa kwanza na wa mwisho tu. Mvua mbaya ya mwaka mmoja itakupotosha. Chini ya miaka 5, usitangaze lolote.

Usidharau asilimia ndogo. Shomoro wa vinamasi vya chumvi wa pwani ya mashariki ya Marekani (Ammospiza caudacuta), ambaye viota vyake huzamishwa na bamvua, alikadiriwa kupungua kwa asilimia 9 kwa mwaka kati ya 1998 na 2012. Zidisha 0.91 mara 14 kwenye kikokotoo cha simu: katika kila ndege 100, wanabaki 27. Hakuna mwaka hata mmoja ambao mpita njia angeona pengo.