Mtoto wa miezi 8 hahitaji tena blenda
Vyakula laini kabisa ni vya kuanzia tu, miezi 6. Akifika 8, ponda kiazi kitamu, boga au ndizi kwa uma na uache vibonge vidogo. Usisubiri meno: fizi zinaponda chochote kinachobonyea kirahisi kati ya vidole viwili. Mkalishe wima, weka kipande pembeni, juu ya fizi, si katikati ya ulimi, maana hapo atakisukuma nje tu. Akikohoa au kufanya kama anataka kutapika, kwa sauti, usimtie kidole mdomoni. Anajifunza kukirudisha mbele. Hatari ni ukimya: aliyezibwa koo na chakula mara nyingi hatoi sauti, kwa hiyo usimwache peke yake akila. Karanga nzima, bisi na karoti mbichi? Bado sana.