Somo: Soksi za umeme na miguu inayokataa kupata joto

Wadau, watu wengi wananunua soksi za umeme (zile zenye waya wa kupasha joto na betri), wanazisokomeza kwenye buti lilelile la siku zote, halafu wanasema wameibiwa. Mara nyingi mkosaji ni buti.

Hatua ya 1: Vaa soksi, funga betri yake, ingiza mguu kwenye buti, kisha chezesha vidole. Havichezi? Tafuta buti pana zaidi. Buti linalobana linaminya mishipa, na damu ndiyo inayoleta joto vidoleni. Waya ni msaidizi tu.

Hatua ya 2: Miguu iwe mikavu. Mimi soksi hizi hukaa kwenye begi, nazivaa nikifika, maana nikitembea nazo zinafika zimelowa jasho. Za pamba tupu achana nazo, zinashika maji. Sufu ni bora.

Hatua ya 3: Washa mapema, vidole vikiwa bado vina joto, kwa kiwango cha chini. Hapa ndipo tunapoharibu. Mtu anangoja mpaka ganzi iingie, anapandisha hadi mwisho, miguu inatoka jasho, betri inakata, na jasho hilohilo linamgandisha.

Hatua ya 4: Kofia na koti zito. Kifua kikipoa, mwili hubana mishipa ya miguuni ili joto libaki kwa viungo vya ndani.

MASWALI

Mkuu, ndani betri inakaa saa nne, nje mbili. Nimeuziwa feki?
Si lazima. Betri za lithiamu hulegea kwenye baridi. Ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, iache ipate joto la chumba kwanza.

Mzee wangu ana kisukari, nimnunulie?
Aulize daktari wake kwanza. Kisukari kinaweza kuua hisia za nyayo, akaungua bila kujua. Hata joto la wastani likikaa sehemu moja saa nyingi linaunguza.

Vidole vikiwa vyeupe na havisikii kitu, niongeze moto?
Zima! Huenda ngozi imeganda. Usisugue. Ingia ndani, loweka kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, kisha hospitali.

Zinafuliwa kwa mashine?
Fuata lebo. Yangu natoa betri, nafua kwa mkono, sikamui. Jozi ya kwanza niliisokota kama kitambaa cha deki, mguu wa kushoto haukuwaka tena.