Kuchagua Kompyuta Mpakato Nyepesi Iliyokwisha Kutumika

Kwa mtu anayebeba kompyuta kila siku kwenye daladala, uzito wa kilo 1 hadi 1.4 unafaa, lakini chaja nayo ipimwe, maana wauzaji huwa hawatamki uzito wake kabisa. Skrini ya inchi 13 au 14 inatosha.

Kinachohitaji uangalifu mkubwa ni RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi), kwa sababu katika mashine nyingi nyembamba huwa imechomelewa kwenye bodi kuu na haiwezi kuongezwa baadaye. Chukua yenye GB 16, au GB 8 iwapo fedha ni chache, lakini si GB 4, hata ukisifiwa namna gani. Diski iwe SSD, yaani ile isiyo na sehemu zinazozunguka. Kwa mashine za Windows zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, anzia kizazi cha 8, yaani toleo la nane la prosesa hizo, kwani zilizotangulia karibu zote hazikubaliwi rasmi na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuhusu betri, usiridhike na maneno ya muuzaji. Kwenye Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, kisha katika ripoti itakayotengenezwa linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na ule wa sasa: ikiwa mWh (kipimo cha nishati ya betri) 50,000 zimeshuka hadi 30,000, imebaki asilimia 60, nawe una haki ya kudai punguzo.

Kabla ya kulipa, bonyeza kila kitufe cha kibodi, fungua na kufunga kifuniko mara kadhaa ukisikiliza bawaba, na ujaribu kila tundu la USB kwa flashi yako mwenyewe.