Tangi kubwa la sikilidi: chagua ziwa kwanza, ndipo uchague samaki

Anayenunua samaki wa mapambo kwa mara ya kwanza huchagua rangi. Anachukua wa njano wawili, wa bluu watatu, na mmoja mwenye milia kwa sababu watoto wamempenda. Miezi michache baadaye kuna mbabe mmoja anayemiliki mawe yote, na wenzake wamejibanza kwenye kona juu ya maji, mapezi yamechanika. Tangi likiwa kubwa, ugomvi huo huchelewa kuonekana, lakini hauishi.

Sikilidi ni jamaa ya sato, perege na kuhe tunaowala. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200, karibu zote za huko tu. Ziwa Nyasa lina za kwake, wakiwemo mbuna wa miambani, ambao ni wakali na hukimbizana kutwa. Ukiwachanganya na samaki watulivu wa Tanganyika, watulivu hawatakula wakashiba. Chagua ziwa moja. Hapa nazungumzia Tanganyika, kwa sababu ndilo linalokupa tabia nyingi tofauti ndani ya tangi moja.

Chukua tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60. Ni lita 540 likijaa, yaani maji peke yake ni kilo 540 kabla ya kioo na mawe, kwa hiyo meza ya kawaida haifai. Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ni kama 8.6 hadi 9, na joto ni nyuzi 24 hadi 27. Maji ya mvua ni laini mno. Yapitishe kwenye kokoto za chokaa ndani ya chujio na upime pH kabla ya kuleta samaki. Maji ya bomba yaondoe klorini. Kwa walio Arusha, Iringa au Nairobi, hita ni lazima. Kwa Dar es Salaam na Mombasa shida ni kinyume chake: miezi ya joto maji hupanda kupita kiasi na hewa hupungua majini. Funua mfuniko, weka wavu ili samaki wasiruke, elekeza feni juu ya maji na uongeze pampu ya hewa.

Sasa samaki wenyewe. Usiulize yupi mzuri, uliza anakula nini na anakaa wapi.

Ukimpenda Tropheus, mpe tangi zima. Huyu hukwangua mwani kwenye mawe, na utumbo wake mrefu ni wa kazi hiyo. Ukimlisha minyoo au moyo wa ng'ombe, unamweka kwenye hatari ya kuvimba tumbo: anaacha kula, anajitenga, choo kinakuwa uzi mweupe, na wengi hawaponi. Mpe chakula cha spirulina, aina ya mwani, kidogo kidogo. Nunua 15 au zaidi na uwaingize siku moja. Wakiwa watano tu, mkubwa atawamaliza mmoja mmoja. Wakiwa wengi, hasira yake inagawanyika. Usichanganye wa Ikola na wa Kasanga, sehemu mbili za mwambao wa ziwa zenye Tropheus wa rangi tofauti, maana watazaliana na utapoteza rangi zote mbili.

Frontosa ni mtu mzima wa ziwa. Hukua kufikia sentimita 30 na zaidi, huogelea polepole, hupenda mwanga hafifu. Wa Kigoma hutambulika kwa milia saba, wengi wa kwingineko wana sita. Wanane wadogo wanatosha kuanzia, lakini usimwekee samaki wembamba: atawameza usiku.

Mchanganyiko ninaoupenda zaidi ni huu. Juu, Cyprichromis 12 hadi 15, wanaotembea kwa kundi. Kwenye mawe, jozi moja ya Julidochromis upande mmoja, na jozi ya Altolamprologus upande wa pili. Chini, kwenye mchanga wazi, dume mmoja wa ocellatus na majike wawili au watatu, kila mmoja na maganda yake ya konokono. Hawa ni wa sentimita tano hivi, na ndio watakaokukalisha mbele ya kioo. Mpe ocellatus ganda jipya umwone: anachimba chini yake, anabeba mchanga mdomoni, anautema kando, anarudi tena na tena, mpaka ganda lote limefukiwa na umebaki mlango tu. Changarawe itamnyima kazi hiyo, kwa hiyo tumia mchanga laini, kina cha sentimita tano. Mawe yapange kwanza, yakae juu ya kioo cha chini, ndipo umwage mchanga. Wakichimba, jiwe lililokalia mchanga litaanguka.

Brichardi, sikilidi mwingine wa Tanganyika, muache, japo ni mzuri sana. Watoto wakubwa husaidia kulinda wadogo zao, ukoo unapanuka, na baada ya mwaka mmoja wengine wote watakosa pa kukaa.

Usiingize samaki siku unayojaza maji. Chujio linahitaji wiki nne hadi sita kuzalisha bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Ukipata sifongo iliyotumika kutoka tangi lenye afya, muda unapungua. Kwenye mchanganyiko, anza na wapole, wakali waje mwisho. Kila wiki badilisha robo ya maji.

Weka pampu ya hewa ya betri karibu. Umeme ukikatika usiku wa joto, saa chache tu zinatosha kuanza kuwapoteza, na wakubwa ndio hutangulia.

Ukiona jike wa Cyprichromis amekataa kula na kidevu kimejaa, amebeba watoto mdomoni. Usimkimbize kwa wavu. Watakapokuwa wengi kuliko nafasi, wagawie wafugaji wenzako au warudishe dukani, lakini usiwamwage mtoni wala bwawani: sangara waliopandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 waliwamaliza furu wengi, sikilidi wa ziwa hilo, na nyingi za aina hizo hazijaonekana tena.