Jinsi ya Kuchanganya Antibiotiki ya Unga, na Kwa Nini Chupa Lazima Itikiswe

Dawa za maji za kunywa si za namna moja. Katika sirapu ya kawaida dawa imeyeyuka kabisa, hivyo kila tone lina nguvu ileile. Katika suspensheni dawa haiyeyuki, bali huelea ikiwa chembechembe ambazo hatimaye hushuka chini. Watengenezaji huzisaga ziwe laini, kwa kuwa kipenyo cha chembe kikipungua kwa nusu, kasi yake ya kuzama hupungua mara nne, kisha huongeza kitu cha kuyafanya maji yawe mazito, kama vile gamu ya zanthani. Hata hivyo, chembe laini zikitua mojamoja hugandamana kuwa tabaka gumu lisiloachia, na ndiyo maana mara nyingi hutengenezwa zishikane kwa mafungu mepesi, ambayo hutua mapema lakini hutawanyika tena chupa inapotikiswa.

Amoksisilini ya watoto, antibiotiki ambayo ikichanganywa na maji huwa suspensheni, huuzwa ikiwa unga kwa sababu maji huivunja polepole. Unapoichanganya, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Gonga chupa kwanza ili unga ulioshikamana uachie, tia maji kiasi, funga, kisha tikisa mpaka kusibaki donge hata kwenye pembe za chini. Subiri povu litulie ndipo uongeze maji hadi alama, maana ukilihesabu povu kuwa ni dawa, maji yatapungua na dawa itakuwa kali kupita kiasi. Lebo ikitaja mililita kamili za maji, fuata lebo.

Andika tarehe ya kuchanganya kwenye chupa, kisha tikisa kabla ya kila dozi. Usipotikisa, mtoto hupata dozi hafifu siku za mwanzo na kali mno mwishoni; kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote.

Pima kwa bomba la kupimia dawa, wala si kwa kijiko cha jikoni, na usome nguvu ya dawa kila unapopewa chupa mpya: miligramu 125 ni mililita 5 katika dawa ya 125 kwa mililita 5, lakini ni mililita 2.5 tu katika ile ya 250 kwa mililita 5. Muda ulioandikwa ukiisha, kwa kawaida siku 7 hadi 14, dawa iliyosalia isinywewe, hata kama rangi na harufu yake havijabadilika.