Naitrojeni katika mahindi machanga: kiasi, wakati na namna ya kuiweka

Mahindi machanga, ambayo sokoni huitwa bebikoni, huvunwa siku 1 hadi 3 baada ya ndevu kuchomoza, yaani takriban siku 50 hadi 65 tangu kupanda. Kwa hiyo naitrojeni inayochelewa hunenepesha majani tu, wala haiingii katika mavuno. Mfano wetu ni ekari moja yenye nafasi ya sentimita 60 kwa 20, mche mmoja kila shimo, ambayo hubeba karibu miche 33,700.

Hatua ya 1. Unapopanda, weka mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP (mbolea ya kupandia), wenye kilo 9 za naitrojeni, na utenganishe mbolea na mbegu kwa udongo kidogo.

Hatua ya 2. Wiki ya tatu, baada ya palizi, weka kilo 75 za CAN (mbolea ya kukuzia). Hapa ndipo wengi huharibu hesabu: aliyezoea kizibo kimoja cha soda, chenye gramu 5 hivi, kwa kila mche wa mahindi ya kawaida yaliyoachana zaidi, akikitumia kwenye msongamano huu atamaliza zaidi ya kilo 160 kwa mara moja. Nusu kizibo kinatosha.

Hatua ya 3. Wiki ya tano, kabla mbelewele (maua ya kiume kileleni mwa mche) hazijaonekana, rudia kiasi hicho. Jumla itakuwa kilo 48 za naitrojeni kwa ekari. Shamba lenye samadi nyingi lipunguziwe.

Hatua ya 4. Ng'oa mbelewele kabla hazijafunguka.

Naitrojeni ikitosha, majani hupanuka na mche huweza kutoa mahindi 2 au 3. Ikipungua, majani ya chini huwa njano kuanzia nchani, yakifuata mshipa wa kati, na ndevu huchelewa. Ikizidi, mashina hulegea na kulala upepo unapovuma.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwetu CAN haipatikani. Je, yurea itafaa?

Jibu: Itafaa, ndugu yangu, lakini yurea ina naitrojeni asilimia 46 na CAN 26, hivyo kilo 42 zinatosha badala ya 75. Ifukie, kwa sababu ikiachwa juu ya udongo sehemu yake hupotea hewani kama amonia.

Swali: Mbelewele zimeshatoka na majani ni ya njano. Niongeze mbolea?

Jibu: Hapana. Vuna kilichopo, kisha mabua yakiwa bado mabichi wape ng'ombe.