Nyumba ya magunia ya udongo ndani ya Nairobi: somo kuanzia shimo hadi plasta

Mtu akisikia nyumba ya magunia, la kwanza kuuliza ni bei ya magunia. Mimi nasema anza na shimo. Chimba kwenye ploti yako hadi usawa wa kiuno, uangalie unachotoa, maana udongo ndio utakaoamua kama nyumba hii itakupunguzia gharama au itakumaliza. Karen, Dagoretti, Kabete, Kikuyu na pande za Ruaka utakutana na udongo mwekundu. Embakasi, Utawala, Ruai, na ukivuka hadi Kitengela au Joska, mara nyingi ni ule mweusi unaong'ang'ania buti wakati wa mvua, kiangazi kikiingia unapasuka nyufa za kutosha kuingiza mkono. Mwekundu tunajengea. Mweusi tunauondoa.

Kwa wageni wa mambo haya: magunia ya plastiki iliyofumwa, yale ya sukari na mchele, yanajazwa udongo wenye unyevu kidogo, yanalazwa mstari juu ya mstari, yanashindiliwa, na katikati ya mistari inapita seng'enge ya miba. Wanajeshi wamejikinga na magunia ya mchanga tangu zamani. Aliyeyageuza kuwa nyumba za kuishi na kuyatangaza duniani ni msanifu majengo Nader Khalili, mzaliwa wa Iran aliyefanyia kazi yake Hesperia, California. Mwaka 2004 vibanda vyake vya magunia vilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Kwa hiyo si jambo la kubahatisha, ingawa jirani atakuuliza kama unajenga kambi ya jeshi.

Somo hili ni la chumba kimoja cha mviringo, kipenyo cha mita 4 kwa ndani. Nimechagua mviringo kwa sababu ukuta uliopinda hujishikilia wenyewe. Ukuta ulionyooka unahitaji kiegemeo kila baada ya mita 3 hivi, na hapo kazi inaongezeka.

Karatasi na msimu

Ramani ipitishwe na kaunti, mhandisi wa miundo aliyesajiliwa aitie sahihi, na mradi uandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Tafuta mhandisi aliye tayari kusikiliza, kwa kuwa wengine wakisikia neno gunia wanafunga faili. Kuhusu msimu, kuta zianze Juni au Januari. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei na fupi ni Oktoba hadi Desemba, na ukuta usio na paa hautaki kukutana na yoyote kati ya hizo.

Hatua ya 1: Pima udongo

Toa kwanza tabaka la juu lenye mizizi na mboji, sentimita 20 hadi 30, ulirudishe kwenye shamba la sukuma wiki. Chukua udongo wa chini yake. Tunatafuta mchanganyiko wenye mfinyanzi, yaani udongo laini unaonata, kama asilimia 30, na uliobaki uwe mchanga na changarawe.

Kipimo cha chupa: jaza udongo nusu ya chupa ya kioo iliyo angavu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iache imetulia. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika moja au mbili, vumbi laini linafuata kwa saa chache, na mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Pima matabaka kwa rula.

Kipimo cha mkono ndicho mafundi wanakiamini. Loanisha udongo, uviringishe uwe mnene kama kidole gumba, halafu usukume polepole upite ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, una mchanga mwingi. Ukining'inia kupita sentimita 15 bila kukatika, mfinyanzi umezidi.

Udongo mwekundu wa Nairobi karibu kila mara utaning'inia. Usiujaze peke yake, utasinyaa ukikauka. Changanya sehemu moja ya udongo mwekundu na mbili za murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani, au vumbi la mawe kutoka kwari, kisha rudia kipimo. Kama karibu nawe kuna murram nzuri yenye mfinyanzi wake, inaweza kutosha yenyewe bila kuchanganywa.

Unyevu ni jambo jingine ambalo watu hulikosea. Kamata konzi ya mchanganyiko, ufinye uwe mpira, uachie uanguke kutoka usawa wa bega. Ukitapakaa kama unga, ongeza maji. Ukibaki umebonyea kama chapati, umeloweka mno. Ukivunjika vipande vichache, uko sawa. Mchanganyiko ulolazwa usiku chini ya turubai hufanya kazi vizuri zaidi asubuhi, maji yakiwa yameshaenea.

Hatua ya 2: Vifaa

Magunia ya kilo 50, kama 460, ukipiga hesabu ya mistari 20 yenye magunia 20 kila mmoja, na mitatu ya chini ikibeba magunia mawili mawili. Gunia likishashindiliwa hutoa upana wa kama sentimita 45, urefu 65 na unene 12. Nyamakima kwa wauza nafaka utapata yaliyotumika. Vuta kitambaa kwa nguvu kabla ya kulipa: likitoa vumbi jeupe au kuchanika, jua limeshalila. Seng'enge ni kama mita 560, kwa kuwa kila mstari unabeba nyuzi mbili. Udongo ni kama lori nne za tani 7. Ongeza ndoo, makoleo, pimamaji, glavu nzito na vishindilio viwili. Kishindilio unajitengenezea: mimina zege kwenye kopo pana, simamisha mpini mnene katikati, acha kikomae wiki moja.

Hatua ya 3: Msingi

Kwenye udongo mwekundu, chimba mtaro wa duara wenye kina na upana wa sentimita 60, ujaze mawe na kokoto, na sakafu ya mtaro iteremke kidogo ili maji yapate mahali pa kutokea. Kwenye udongo mweusi, toa wote hadi ufikie murram au mwamba, kisha rudishia murram kwa matabaka ya sentimita 15, kila moja likishindiliwa. Mara nyingine ni mita moja kwenda chini, mara nyingine zaidi ya mbili. Hapo ndipo bajeti ya watu wa Ruai huvunjika, si kwenye ukuta.

Hatua ya 4: Kuta

Mistari mitatu ya kwanza iliyo juu ya ardhi ijazwe kokoto, si udongo, na kila gunia liwe mawili, moja ndani ya lingine. Maji ya chini hayapandi kupitia kokoto. Juu ya mistari hiyo tandaza karatasi nene ya nailoni, kisha anza udongo.

Jaza gunia likiwa palepale ukutani, kwa ndoo, maana likijaa linazidi kilo 60 na hakuna mgongo wa kulibeba mara 400. Simamisha kijiti katikati ya duara, funga kamba, na upime kila gunia kwa kamba hiyo. Mdomo uliokunjwa ukandamizwe na gunia linalofuata. Maungio yapishane kama ya matofali.

Kisha shindilia. Mwanzoni sauti ni nzito, ya kuzama, na kishindilio kinaacha alama. Endelea hadi sauti ibadilike iwe kavu na kishindilio kianze kuruka mkononi. Hapo acha, pima usawa, tandaza nyuzi mbili za seng'enge, na uzikandamize kwa mawe zisijikunje na kukurukia usoni.

Fremu za mlango na madirisha zisimame kabla ukuta haujazifikia, zikiwa na mihimili ya ndani zisije zikabanwa. Kila mistari minne, laza kipande cha ubao kando ya fremu, kimepigwa misumari hadi ndani ya magunia, ili baadaye fremu iwe na mahali pa kufungwa. Mabomba ya umeme yanapita kwenye mabonde kati ya magunia.

Funika kazi kwa turubai kila jioni. Si mvua pekee: jua la Nairobi linaweza kuozesha gunia lililo wazi ndani ya miezi michache, na gunia likioza kabla ya plasta udongo unaanza kumwagika.

Hatua ya 5: Bimu na paa

Juu ya mstari wa mwisho mimina bimu ya zege yenye vyuma, izunguke ukuta wote, na vipande vya chuma vipigiliwe chini hadi magunia ya juu. Mbao na mabati ni kazi ya kawaida ya fundi yeyote, ila paa litokeze nje ya ukuta sentimita 75 au zaidi. Fundi akikuambia sentimita 30 zinatosha, mwambie hii si nyumba ya mawe.

Hatua ya 6: Plasta

Plasta haishiki plastiki. Inashika mabonde yaliyo kati ya magunia, ndiyo maana koti la kwanza, yaani tabaka la kwanza la plasta, hupakwa kwa mikono. Udongo mwekundu uliochujwa mawe, mchanga, na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole. Nyasi za boma Rhodes wanazouziwa wafugaji zinafaa kabisa. Kanyaga kwa miguu hadi nyasi zipotee ndani. Chukua donge, lisukume kwenye bonde kwa kisigino cha kiganja, kwa nguvu, hadi usikie limegota. Mahali palipo laini bila bonde, hasa pembeni mwa fremu, piga wavu wa kuku kwanza. Koti hili likipasuka nyufa, usihangaike. Likwaruze tu liwe na makovu ya kushikilia koti la pili.

Koti la pili ni udongo sehemu moja, mchanga mbili, nyasi fupi na mavi mabichi ya ng'ombe, vikiwa vimelala pamoja siku nne au tano hadi vinuke. Harufu inakwisha plasta ikikauka. Kabla ya kupaka ukuta wote, paka viraka vitatu vyenye mchanga tofauti, kimoja zaidi ya kingine, usubiri vikauke. Kilichopasuka kinataka mchanga. Kinachomomonyoka ukikisugua kwa kidole kinataka mfinyanzi. Wale waliokandika nyumba na nyanya zao kijijini wanalijua hili kuliko mhandisi.

Koti la mwisho la ndani ni jembamba, udongo na mchanga uliopita kwenye wavu wa mbu, na uji mwepesi wa unga wa ngano kidogo. Lipake siku za jua. Julai ya Nairobi, baridi na mawingu, itakuletea ukungu kwenye huo uji.

Kwa nje malizia na chokaa: sehemu moja kwa tatu za mchanga safi, chokaa ikiwa imelowekwa wiki kadhaa. Paka nyembamba, chini ya sentimita moja, na uinyunyizie maji wiki nzima. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole, ikikauka haraka inakuwa unga. Vaa glavu na miwani, inachoma.

Maswali ya wasomaji

*Kutoka Ruai: Fundi, ploti yangu ni udongo mweusi mtupu. Siwezi kuuchanganya na chokaa nikautumia?*

Ndugu yangu, chokaa huutuliza udongo huo kweli, lakini kwa kipimo cha maabara na kwa kazi kubwa ya kuchanganya. Kwa chumba kimoja, kuleta murram kwa lori ni nafuu. Mweusi uweke kwenye bustani.

*Kutoka Kikuyu: Habari. Nina umri wa miaka hamsini na mitano na vijana wangu wako mjini. Mchwa na panya je?*

Salama mama. Panya hana la kufanya kwenye ukuta ulioshindiliwa sawasawa. Mchwa hali udongo, ila hupanda kupitia humo akifuata mbao za paa. Weka ukanda wa bati kati ya bimu na mbao, na kila mwezi uangalie vijia vya udongo ukutani. Kazi ya kushindilia waachie vijana wa mkono, plasta utaifanya mwenyewe tena vizuri kuwashinda.

*Kutoka Kayole: Mwizi si atapasua gunia kwa kisu aingie?*

Akate plastiki, akutane na sentimita 45 za udongo mgumu na seng'enge kila sentimita 12. Atapitia mlangoni au atakunja mabati, kama kwa jirani. Nunua kufuli nzuri.

*Kutoka Ngong: Kwa nini usijenge kuba kama zile za California, tuondoe gharama ya paa?*

Hesperia ni jangwani. Hapa kuba ni ukuta unaonyeshewa kutoka juu, na ufa mmoja wa plasta unapeleka maji ndani ya magunia. Nimeona picha nzuri, ila mimi siwezi kumshauri mtu.

*Kutoka Utawala: Itakuwa rahisi kuliko nyumba ya mawe? Sema ukweli.*

Ukuta utakuwa rahisi, kama udongo ni wako na wafanyakazi ni familia. Paa, milango, sakafu, choo na umeme vinabaki bei ileile. Ukilipa vibarua wa kila siku na kununua udongo wote, tofauti na mawe ya kujengea ya Ndarugo inapungua sana.

*Kutoka Dagoretti: Plasta ikibanduka baada ya mwaka, naanza upya?*

Hapana. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi, kwa kawaida ni mtaro wa paa unaovuja au udongo uliorundikwa ukutani. Kwangua palipolegea, loanisha kingo, ziba kwa mchanganyiko uleule, kisha chokaa juu. Weka gunia mbili za udongo wa plasta stoo tangu siku ya ujenzi, kwani lori lingine halitakuja na rangi hiyo.